Riziki, Sababu na Kurisiti Fizikia

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka mwezi Januari, katika nyumba nyingi za Tanzania husikika kauli mbili zinazodhaniwa kupingana. Moja ni ya kufariji: haikuwa riziki yake, Mungu ana mpango mwingine, aachwe akajifunze ushonaji. Nyingine ni ya kuhimiza: arisiti, Mungu hamtupi mja wake, safari hii atamjalia. Baba hushika hii, mama hushika ile, shangazi hupiga simu kutoka Mwanza akaja na ya kwake, na mtoto mwenye matokeo hukaa pembeni akingoja kuona nani atashinda. Mimi naona kauli hizi ni mapacha. Kila moja inalitaja jina la Mungu mahali palipohitaji swali: alifeli kwa sababu gani, na katika sababu hizo ni ipi itakayokuwa imeondoka mtihani wa Novemba ukifika? Anayekata tamaa bila kuuliza hivyo na anayerudia bila kuuliza hivyo wote wameliachia jambo bahati, kisha wakaipa bahati hiyo jina la mapenzi ya Mungu. Kumsaidia kijana aamue ni kumrudisha kwenye lile swali lililorukwa, na dini zenyewe, zikisomwa kwa makini, humrudisha huko huko.

Tumchukue msichana wa miaka 17 aliyemaliza katika shule ya kata. Ana C ya Kiswahili na C ya Historia. Ana D ya Biolojia, Kiingereza, Jiografia na Uraia. Ana F ya Hisabati, Kemia na Fizikia. Pointi 27 kwa masomo saba bora, divisheni four. Anataka kuwa muuguzi, na vyuo vya afya vya ngazi ya kati humtaka awe amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, hata kama ni kwa D. Huyu si kijana wa ajabu. Wa aina yake wako wengi katika kila kata. Karatasi yake inasema mambo machache kuliko watu wanavyoisomea. Kwa vipimo vinavyotumika sasa F huishia alama 29 na D huanzia 30, kwa hiyo F yake ya Kemia inaweza kuwa ya alama 28, inaweza kuwa ya alama 6, na herufi haitofautishi. Mwenye 28 alikosa swali moja. Mwenye 6 hakuwahi kulisoma somo hilo, ingawa alikaa darasani miaka minne. Kuwapa wawili hawa ushauri mmoja, uwe wa kuacha au wa kurudia, ni kuwashauri kwa upofu.

Wapo watakaosema kuuliza sana namna hii ni upungufu wa imani, kwamba lililotokea limetokea na mja hana budi kulipokea. Basi tuitazame vizuri hiyo karatasi inayochukuliwa kuwa tangazo la kudra. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata ziro. Nchi ilipiga kelele, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei mwaka huo serikali ikaagiza matokeo yafutwe na alama zipangwe upya. Maelfu waliolala wamefeli waliamka wamefaulu, bila kuongeza hata nukta kwenye majibu yao. Muda si mrefu divisheni zikaondolewa, ukaja mfumo wa GPA, na mwaka 2016 divisheni zikarudishwa. Silitaji hili ili kulidharau Baraza la Mitihani. Kila kipimo lazima kiwe na mpaka, na mpaka huwekwa na watu. Nalitaja kwa sababu aliyekwenda kanisani au msikitini Februari 2013 kukubali kwamba Mungu hakumpangia, Mei alikuwa na sababu ya kujiuliza alikuwa amekubali nini hasa.

Mwenye imani thabiti atajibu kwamba hata tume ile, na hata kule kupangwa upya, vilikuwemo katika kudra. Nakubali. Lakini akishasema hivyo, amejiondolea silaha yake. Kama kudra imekizunguka kila kitu, kufeli na kufaulu, kurisiti na kuacha, basi haiwezi kutumiwa kupendekeza kimoja na kukikataa kingine. Kisa cha Umar bin al-Khattab kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Khalifa huyo alikuwa njiani kwenda Sham, na alipofika Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia kule. Hakuamua papo hapo. Aliwaita Muhajirina, waliohama kutoka Makka, wakagawanyika. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, nao wakagawanyika. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakasema kwa kauli moja arudi na watu wake. Alipoamua kurudi, Abu Ubayda, mmoja wa masahaba wakubwa, akamwuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Umar alimjibu kwamba anatoka katika kudra ya Mungu kwenda katika kudra ya Mungu, akampigia mfano wa mtu aliyeshuka na ngamia zake katika bonde lenye pande mbili, moja yenye majani na moja kavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kudra. Sahaba mwingine, Abdurrahman bin Auf, alifika baadaye na mafundisho ya Mtume yaliyoafikiana na uamuzi huo, lakini uamuzi ulikuwa umeshapita kwa njia ya kushauriana na kutazama hali. Yaani kudra inaandamana na mchungaji kila upande, na ndiyo maana hana budi kutazama majani.

Majani ya kurisiti Fizikia yanatazamwaje? Hapa imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana mgawanyo wenye faida hadi leo. Katika kitabu chake cha Ihya, anapozungumzia kumtegemea Mungu, yaani tawakali, anazigawa sababu katika mafungu matatu. Zipo za uhakika, kama kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yako. Anayeziacha akidai anamtegemea Mungu, kwake Ghazali huyo ana upungufu wa akili na imani yake haikuzidi ya wenzake. Zipo zenye uwezekano mkubwa, kama kubeba masurufu safarini. Kuzifuata hakuharibu tawakali. Na zipo za kudhania tu, ambazo mtu huzikimbilia kwa hofu na tamaa bila dalili ya kwamba zitamfikisha. Watu wengi hunukuu sura ile ili kulaumu uvivu. Sikumbuki mara nyingi kusikia ikinukuliwa kumlaumu mwenye bidii isiyo na mwelekeo, na bado fungu la tatu linamgusa yeye. Kijana anayelipiwa ada ya usajili, akanunuliwa pasti pepa za miaka kumi, akarudi kukaa nyumbani na madaftari yale yale yaliyomfelisha, ameshika sababu ya kudhania. Dua ya mama yake haiibadilishi kuwa ya uhakika.

Sababu za kufeli sayansi zinajulikana, na ni vizuri zitajwe mezani moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari ya kidato cha kwanza anakutana na Fizikia kwa Kiingereza. Anayeonekana hajui kanuni za Newton mara nyingi hajaelewa swali limeuliza nini. Ukimwuliza kwa Kiswahili kwa nini abiria husukumwa mbele dereva akikanyaga breki, anaeleza vizuri. Kijana huyo hana haja ya mwaka mwingine wa Fizikia kwanza. Ana haja ya miezi mitatu ya Kiingereza cha Fizikia, na hilo ni jambo jingine kabisa. Ya pili ni mwalimu. Shule za kata zilijengwa kwa kasi kubwa kuanzia 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), na majengo yakatangulia walimu wa Fizikia na Hisabati kwa mbali. Ziko shule ambako mwalimu mmoja alibeba Fizikia ya vidato vyote vinne, na ziko ambako hakuwepo kabisa kwa mihula mizima. Ya tatu ni maabara. Ilibidi serikali iendeshe kampeni ya nchi nzima, kuelekea mwisho wa 2014, ili kila shule ya kata ipate maabara tatu, na chumba chenye meza za saruji hakigeuki maabara mpaka kiwe na maji, kemikali na mtu anayejua kuzitumia. Mtihani wa Kemia una sehemu ya vitendo. Aliyejifunza kupima asidi kwa kutazama mchoro ubaoni atashika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, mikono ikitetemeka. Na kituo cha tyusheni cha mtaani, ambako warudiaji wengi hukimbilia, mara nyingi kina ubao na viti tu, kwa hiyo kinaweza kumrudisha kwenye upungufu ule ule aliotoka nao. Hili peke yake linatosha kumfanya mzazi aulize maswali kabla ya kulipa.

Ya nne ni kijana mwenyewe. Wapo ambao mwalimu alikuwepo na maabara ilikuwepo, wao hawakuwepo, au walikuwepo na simu mkononi. Najua kwamba kuorodhesha upungufu wa shule kunaweza kumpa mvivu pa kujifichia, na wazazi wanaolalamika hivyo hawasemi uongo. Lakini dawa ya kujificha ni hesabu kamili zaidi. Akae na madaftari yake, somo kwa somo, topiki kwa topiki, aandike ipi hakufundishwa, ipi alifundishwa hakuielewa, na ipi aliipuuza. Ni kazi ya wiki moja, na inaumiza. Toba katika dini zetu huanza kwa kulitaja kosa lilivyo, na mtu hawezi kutubia uvivu aliotupiwa kwa jumla kama tusi. Anaweza kuutubia ule wa mada ya umeme, muhula wa pili, kidato cha tatu.

Wakatoliki wana mfano ambao nashangaa hautumiki zaidi katika shule zao. Ignatius wa Loyola, aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti, alikuwa askari hadi mwaka 1521, mguu wake ulipovunjwa na mzinga katika mapigano ya Pamplona. Alipoamua kusoma alikuwa ameshapita miaka 30, na Barcelona aliketi kujifunza sarufi ya Kilatini pamoja na watoto. Kisha akafanya kosa ambalo warudiaji wetu wanalijua: Alcalá alichukua mantiki, fizikia na teolojia kwa pamoja, kwa haraka, na hakuna kilichoshika. Alipofika Paris mwaka 1528 alijipima, akaona msingi wake mbovu, akarudi tena kwenye Kilatini na vijana wadogo katika chuo cha Montaigu, na safari hii akafuata hatua zake kwa utaratibu. Kwamba alirudia ni jambo dogo. Alirudia baada ya kutambua kasoro, na alirudia kwa njia nyingine. Katika masimulizi ya maisha yake liko pia jambo la Barcelona ambalo lingewafaa vijana wanaohama kutoka daftari kwenda mkesha: kila alipokaa kukariri sarufi, mawazo mazuri ya kiroho yalimjaa hata asiweze kukariri, ilhali mawazo hayo hayakumjia kwa wingi hivyo akiwa katika sala. Alihitimisha kwamba ni kishawishi, akaenda kwa mwalimu wake kuahidi kuhudhuria masomo.

Mtu huyu ndiye aliyeandika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichochapwa mwaka 1548, na ndani yake mna shauri kwa anayemsaidia mwingine kuchagua njia ya maisha: asimvute upande wowote, awe kama ulimi wa mizani unaosimama katikati, amwachie Muumba ashughulike na kiumbe chake moja kwa moja. Mna pia onyo kwamba wakati wa ukiwa wa moyo mtu asibadili maamuzi yake. Wiki ya matokeo ni wiki ya ukiwa, kwa mzazi kama kwa mtoto. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo muda wa kufikiri ni mfupi, lakini unahesabika kwa wiki. Hakuna kinachomlazimu mtu kuapa usiku wa siku ya matokeo kwamba atarisiti au kwamba hatagusa tena kitabu.

Ulimi wa mizani ni picha ngumu kwa mzazi wa Kiafrika, na pingamizi lake naliheshimu. Miaka 17 ni michache. Mzazi ameona majirani waliorisiti mara tatu wakaishia kuchoka, ameona na waliorisiti mara moja wakawa matabibu. Kumwachia mtoto neno la mwisho kunaonekana kama kuukimbia wajibu. Zaidi ya hapo, kuwatii wazazi ni amri katika Uislamu na Ukristo sawia. Lakini tutenganishe mambo mawili. Maarifa ya mzazi yanaweza kukopeshwa: anajua chuo kipi kinadai nini, anajua tyusheni ipi ina mwalimu wa kweli, anajua mfukoni mna kiasi gani. Nia haikopesheki. Miezi tisa ya kuamka alfajiri na kurudia milinganyo ya kemikali, huku wenzake waliofaulu wakimtumia picha kutoka kidato cha tano, itabebwa na mtu mmoja, na mafundisho ya Kiislamu yanayosema kazi hupimwa kwa nia hayakumwekea baba nafasi ya kumnuia mwanawe. Barua ya Paulo kwa Wakolosai, ile inayowaagiza watoto watii, inawageukia baba mara moja na kuwakataza kuwachokoza watoto hadi wakate tamaa. Kumtii mzazi kunaweza kumfikisha kijana kwenye kiti cha tyusheni. Kuelewa nguvu za msuguano hakuamriki.

Wala simwambii mzazi ajifanye hana maoni; mtoto atayaona usoni. Ayaseme mara moja, pamoja na sababu zake, kisha asikilize. Na kama fedha hazipo, aseme fedha hazipo. Hakuna linalowaharibia vijana imani kama kuusikia ukata wa nyumba ukitangazwa kuwa mpango wa Mungu, halafu wakue waone mdogo wao amelipiwa. Ukata ni sababu halali miongoni mwa sababu, na kijana akiujua anaweza kuupangia: arisiti masomo mawili mwaka huu, au afanye kazi kwanza, au asubiri.

Pingamizi jingine huja kwa sauti ya taifa. Nchi ina upungufu wa wauguzi, wahandisi na walimu wa sayansi, kwa hiyo kijana mwenye hata chembe ya uwezo ana deni la kurudia. Ghazali huyo huyo aliutaja utabibu na hesabu kuwa faradhi ya kifaya, na akalalamika kwamba miji ya zama zake ilikosa matabibu Waislamu huku watu wakisongamana kwenye mabishano ya fikihi. Ni hoja yenye uzito, na ingeweza kuandikwa leo kuhusu msongamano wetu katika masomo ya sanaa. Lakini faradhi ya kifaya, kwa maana yake yenyewe, ni mzigo wa jamii nzima. Jamii ambayo haikumpa msichana huyu mwalimu wa Fizikia kwa mihula kadhaa haiwezi kugeuka na kumdai peke yake. Wajibu huo unaanzia kwa waliojenga shule bila kupeleka mwalimu, unapitia kwa halmashauri, misikiti na makanisa yenye kumbi tupu siku za kazi, na unamfikia yeye mwisho. Parokia au msikiti ukiweza kumtafutia mwalimu wa Kemia aliyestaafu na nafasi ya Jumamosi katika maabara ya seminari jirani, utakuwa umemsaidia kuamua zaidi kuliko hotuba kumi za kuhimiza, kwa sababu utakuwa umeibadilisha sababu yenyewe.

Limebaki swali ambalo kwa haki lingeulizwa mwanzo, na kwa kawaida huulizwa mwisho au haliulizwi. Aristotle alisema watu hushauriana juu ya njia. Lengo huwa limeshawekwa, kama tabibu asivyokaa kujadili kama aponye. Nyumba nyingi hujadili njia, yaani kurisiti sayansi, wakati lengo halijasemwa na mwenye maisha. Je, msichana wetu anataka uuguzi, au anataka asionekane amefeli? Anapenda kukaa na wagonjwa, au alipenda sare nyeupe ya binamu yake? Hakuna ubaya katika sare. Wito wa watu wengi ulianzia kwenye kitu kidogo kama hicho. Ila lengo la kutoonekana umefeli halina chuo, na halihitaji Kemia mahususi. Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia shule inayofanya kila hatua iwe maandalizi ya mtihani wa kuingia hatua inayofuata, na wanaobaki nyuma wajione wametupwa. Aibu ile anayoirithi msichana huyu ina umri mkubwa kuliko yeye, na inaweza kumfanya achague Fizikia kwa sababu tu ndiyo iliyomwumbua.

Akisema kwa utulivu kwamba ni uuguzi kweli, basi ni masomo mawili yaliyopungua, Kemia na Fizikia, na mtahiniwa anayerudia halazimiki kubeba yote tisa. Aanze na ile hesabu ya topiki, atafutiwe maabara, ajipe mtihani wa majaribio mwezi Mei ili yeye na wazazi wake waone kama kuna kilichobadilika, na waruhusiane kuacha ikiwa hakuna. Akisema kwamba sivyo, karatasi ile ile inafungua jambo ambalo hakuna aliyelitazama, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye F. Ana krediti mbili, yaani C au zaidi, katika Kiswahili na Historia. Kidato cha tano kinadai angalau tatu. Jiografia yake ina D, na D huishia alama 44. Mwaka mmoja wa Jiografia, somo ambalo halidai bureti wala kemikali, unaweza kumfikisha kwenye tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiswahili (HGK) akiwa na masomo mawili anayoyaweza tayari. Fomu ya usajili itamtaka ataje masomo anayorudia, na mpaka hapo hakuna nyumbani aliyemwuliza ni yapi.